David Gonski, shule alizosoma na fomu tunazojaza
(Hotuba kwa wazazi na walimu wanaozungumza Kiswahili, Brisbane)

Wazee wetu, shikamooni. Wazazi wenzangu, walimu, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma, hamjambo.

Nawashukuru walioandaa mkutano huu. Waliniomba nizungumze juu ya maisha ya Mwaustralia mmoja ambaye mzazi wa kwetu angefaidika kumjua. Najua wapo waliotegemea nimtaje mwanamichezo. Nimemchagua mwanasheria aliyegeuka kuwa mkuu wa makampuni, David Gonski, na sababu yangu ni moja. Fedha za serikali zinazoingia shuleni kwa mwanao leo, ziwe nyingi au chache, zinapimwa kwa kipimo kilichotokana na kazi ya jopo aliloliongoza. Wengi wetu tuna watoto wanne au watano katika shule za nchi hii na hatujawahi kulisikia jina lake. Nataka tutoke hapa tukilijua, na tukijua pia kipi katika kipimo kile kinategemea kalamu yetu sisi wazazi.

Gonski alizaliwa Cape Town, Afrika Kusini, mwezi Oktoba 1953, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake alikuwa daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Mwaka huohuo wa 1953 bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya elimu ya Wabantu, sheria iliyowatenga watoto Waafrika katika shule zao, chini ya wizara ya mambo ya wenyeji, na mtaala wao, na bajeti yao iliyokuwa sehemu ndogo tu ya ile ya mtoto mweupe. Hendrik Verwoerd, waziri aliyeisimamia, hakuficha kitu: kwake mtoto Mwafrika hakuwa na sababu ya kufundishwa mambo ambayo maisha aliyopangiwa hayangemruhusu kuyatumia. Sijamsikia Gonski akiunganisha mwaka wake wa kuzaliwa na sheria ile. Ninayeunganisha ni mimi, kwa kuwa nikiwa mwalimu sioni namna ya kuyatenganisha. Mtoto alizaliwa mahali ambapo serikali ilikaa chini, ikaandika kwenye karatasi kwamba fedha za shule zifuate rangi ya mtoto. Karibu miaka sitini baadaye mtoto huyo, sasa mzee wa makamo na tajiri, akatia saini ripoti inayotaka fedha za shule zifuate uhitaji wa mtoto.

Tarehe 21 Machi 1960, polisi waliwapiga risasi watu waliokuwa wakiandamana kupinga sheria za vitambulisho huko Sharpeville, wakaua 69. Familia nyingi zilizokuwa na uwezo zilianza kufunga mizigo. Akina Gonski walihamia Sydney mwaka 1961, David akiwa bado mtoto wa shule ya msingi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wasimulizi wa habari hii huliruka. Mwaka 1961 Australia ilikuwa bado na sera ya kupokea wahamiaji weupe. Daktari mweupe wa Cape Town na wanawe walifunguliwa mlango, wakati daktari Mwafrika kutoka jiji lilelile, hata angekuwa na shahada zilezile, angegonga hadi vidole vimuume. Sera ile ilifutwa kabisa mwaka 1973. Waaborijino wenyewe, wenye nchi, walisubiri hadi kura ya maoni ya 1967 ndipo wakaanza kuhesabiwa kikamilifu katika sensa ya taifa. Sisemi haya kumpunguzia mtu heshima. Nayasema ili tusije tukasimuliwa kwamba huyu ni mhamiaji kama sisi, alianza sifuri akafika juu. Hakuanza sifuri, na kwa kadiri ninavyomfahamu kwa hotuba zake, hajawahi kudai hivyo.

Baba yake alimpeleka Sydney Grammar. Hiyo ni shule ya wavulana iliyoanzishwa kwa sheria ya bunge la New South Wales mwaka 1854, ipo barabara ya College, mkabala na bustani ya Hyde Park katikati ya jiji. Leo ada yake ya mwaka imepita dola 40,000 kwa mtoto mmoja. Ni shule yenye maktaba, vyumba vya muziki, walimu wa Kilatini na Kigiriki, na jambo jingine lisiloandikwa kwenye orodha ya masomo, yaani watoto unaokaa nao darasani. Malcolm Turnbull, aliyekuja kuwa waziri mkuu, alisoma hapohapo katika miaka hiyohiyo. Kumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Baada ya Grammar alikwenda Chuo Kikuu cha New South Wales, kule Kensington. Kijana wa Grammar angetarajiwa kwenda Chuo Kikuu cha Sydney, chenye majengo ya mawe na miti ya zamani. Kensington kilikuwa chuo kipya, kilichoanzishwa 1949, na kitivo chake cha sheria kilikuwa kimefungua madarasa mwaka 1971 tu. Mkuu wa kwanza wa kitivo kile, Hal Wootten, ndiye pia aliyekuwa rais wa kwanza wa shirika la msaada wa kisheria kwa Waaborijino lililoanza Redfern, mtaa wa Sydney, mwaka 1970. Wootten aliwaambia wanafunzi wake tangu mwanzo kwamba mwanasheria anapaswa kuwajali watu ambao sheria inawaangukia kwa uzito. Walifundishwa kwa majadiliano katika vikundi vidogo, mwalimu akiuliza na mwanafunzi akijibu. Miaka hiyohiyo, kuanzia 1974, serikali ya Gough Whitlam ilifuta ada za vyuo vikuu nchi nzima.

Kwa hiyo elimu yake ina sehemu mbili, na mimi naona zote mbili ndani ya ripoti yake. Kuna sehemu iliyolipiwa na baba, na sehemu iliyolipiwa na walipa kodi. Kijana aliyepita pande zote mbili anajua fedha hununua nini shuleni. Nimekaa na watu wanaosema fedha hazina maana, kwamba mwalimu mzuri na nidhamu vinatosha. Mara nyingi wanaosema hivyo watoto wao wako kwenye shule zenye fedha.

Alihitimu biashara na sheria. Akaingia kampuni kubwa ya mawakili Sydney, Freehills, na akiwa na miaka 25 akafanywa mbia, jambo ambalo kwa kawaida mtu hulisubiri mpaka nywele zianze kubadilika. Miaka ya 1980 akaiacha kazi ile, akaanzisha na wenzake kampuni ya kuwashauri wenye makampuni. Miaka hiyo pia akaingia katika bodi ya Westfield, kampuni ya majumba ya maduka iliyoasisiwa na Frank Lowy, mtu aliyenusurika maangamizi ya Wayahudi barani Ulaya, akafika Australia mwaka 1952 na kuanza maisha akisambaza nyama na vyakula vya dukani. Yaliyofuata kwa Gonski ni orodha ndefu ya viti vya mbele. Alikuwa mwenyekiti wa Coca-Cola Amatil kwa miaka mingi, mwenyekiti wa soko la hisa la Australia, mwenyekiti wa mfuko wa akiba wa taifa, mwenyekiti wa benki ya ANZ kuanzia 2014 hadi 2020. Jumba la sanaa la New South Wales aliliongoza pia. Na mwaka 2005 chuo chake cha Kensington kilimfanya mkuu wa chuo, mhitimu wa kwanza wa chuo hicho kushika cheo hicho, akakaa hadi 2019.

Sitakaa zaidi hapo. Viti vya bodi vinafanana, na aliyekuja kumsikiliza tajiri akisifiwa anisamehe. Naona inatosha kujua kwamba mtu huyu alikuwa na kazi moja kubwa maishani: kusoma hesabu za wengine, kuwasikiliza watu wanaobishana, na kuwaleta mezani wakubaliane. Ndiyo maana aliitwa.

Aprili 2010, Julia Gillard, wakati huo waziri wa elimu na miezi michache baadaye waziri mkuu, alitangaza jopo la kuchunguza jinsi serikali zinavyozigharamia shule. Gonski mwenyekiti. Pamoja naye walikuwa Ken Boston, Kathryn Greiner, Carmen Lawrence, Bill Scales na Peter Tannock, watu waliotoka katika utumishi wa umma, siasa, biashara na shule za Kikatoliki. Kwa wageni wa nchi hii nieleze kidogo. Australia ina shule za serikali, ina shule za Kikatoliki, ina shule nyingine binafsi, na zote tatu hupata fedha za umma. Serikali za majimbo ndizo mama wa shule za serikali. Serikali ya Canberra, yaani serikali kuu ya taifa, ndiyo mfadhili mkubwa wa shule binafsi. Ugomvi juu ya mgawo huo ni wa tangu miaka ya 1960, na umeshawavunjia urafiki watu wengi. Shule mbili za mtaa mmoja, watoto wa hali moja, zingeweza kupata viwango tofauti kabisa, na hakuna aliyeweza kukueleza kwa sentensi mbili ni kwa nini.

Jopo lilipokea maoni ya maandishi zaidi ya 7,000. Lilitembelea shule 39, katika kila jimbo. Mtu wa Grammar akaingia madarasa ambayo pengine asingeyaona maishani mwake: shule za vijijini zenye mwalimu anayefundisha madarasa matatu kwa pamoja, shule za vitongoji ambako nusu ya watoto wanasema lugha nyingine nyumbani. Mwaka 2014, alipohutubia Melbourne kuhusu kazi ile, alirejea sana kwenye ziara hizo, na akatetea hoja ya kuzifikishia fedha shule zenye uhitaji wakati ambapo serikali iliyokuwapo ilikuwa inataka kuziacha nusu ya njia.

Walichokiona kwenye hesabu kilikuwa kibaya. Mwaka 2000 ni nchi moja tu iliyoizidi Australia katika mtihani wa kimataifa wa kusoma kwa watoto wa miaka 15, na mbili katika hisabati. Mwaka 2009 zilikuwa sita katika kusoma na 12 katika hisabati. Wengi wa waliokuwa chini kabisa walikuwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, wa maeneo ya mbali, Waaborijino. Jopo likaandika maana yake ya usawa, na hii naomba muishike: tofauti za matokeo ya watoto zisiwe zimetokana na tofauti za utajiri, kipato, madaraka au mali za wazazi. Halikusema watoto wote wapate alama sawa. Lilisema mfuko wa baba usiwe ndio unaosahihisha mtihani.

Ripoti ilikabidhiwa mwishoni mwa 2011, ikatangazwa Februari 2012. Ilikuwa na mapendekezo 41, na ilisema zinahitajika dola bilioni tano zaidi kila mwaka, kwa hesabu za 2009. Kiini chake kinaelezeka kwa mzazi yeyote. Kila mtoto ana kiasi cha msingi, yaani gharama ya kumfundisha vizuri mtoto asiye na kikwazo maalumu. Juu ya kiasi hicho zinawekwa nyongeza: kwa mtoto mwenye ulemavu, kwa mtoto wa Kiaborijino au wa visiwa vya Torres Strait, kwa mtoto ambaye wazazi wake wana elimu na kazi za chini, kwa mtoto anayehitaji msaada wa Kiingereza. Kisha shule ndogo na shule ya mbali nazo zinaongezewa. Shule binafsi inapunguziwa kiasi cha msingi kulingana na uwezo wa wazazi kuchangia. Sheria ikapitishwa 2013. Mwaka 2014 kiasi cha msingi kilianza na dola 9,271 kwa mtoto wa shule ya msingi na dola 12,193 kwa wa sekondari. Mwaka 2024 kilifika dola 13,570 na dola 17,053.

Chama cha walimu kikafanya jina lake kuwa bendera ya kampeni. Watu wakavaa fulana za kijani zenye jina Gonski, watoto wakapeperusha mabango. Mwenyekiti wa makampuni, mtu wa suti, akawa jina la kuimbwa na walimu barabarani.

Je, yalitimia? Sehemu tu. Gillard alikuwa ameahidi tangu awali kwamba hakuna shule itakayopoteza hata dola moja, na ahadi hiyo ililibana jopo: ukikataa kupunguza popote, kuongeza kunakuwa ghali. Kisha kila jimbo, na kila upande wa shule binafsi, ukaenda kujadiliana na serikali kivyake. Jopo lilitaka chombo huru cha kusimamia kiwango. Kikaja kuundwa bodi mwaka 2017, miaka sita baadaye. Ken Boston, aliyekaa na Gonski katika jopo, alilalamika hadharani kwamba kilichotekelezwa hakikuwa kile walichokipendekeza. Mei 2017 Malcolm Turnbull, yule wa Grammar, sasa waziri mkuu wa chama cha upande wa pili, alitangaza mpango mpya, na Gonski akiwa amesimama pembeni yake. Alikabidhiwa jopo la pili, lililotoa ripoti 2018, likisisitiza kwamba kila mtoto apige hatua ya mwaka mmoja wa masomo kwa kila mwaka anaokaa darasani, hata kama ameanza nyuma ya wenzake.

Lakini fedha za shule za serikali ziliendelea kuwa pungufu. Kwa miaka mingi ni eneo la mji mkuu, Canberra, peke yake ambalo shule zake za serikali zilipata kiwango kamili. Katika Northern Territory, ambako watoto wa Kiaborijino ni wengi kuliko popote kwa uwiano, shule za serikali zilikuwa zikipata kama dola nne kwa kila dola tano walizostahili kwa hesabu ya sheria yenyewe. Wakati huohuo zipo shule binafsi zilizokuwa juu ya kiwango chao, na zimepewa mpaka 2029 kushuka taratibu. Mimi hili linaniuma. Mtoto aliyepangiwa nyongeza kwa sababu ya shida ndiye anayeambiwa asubiri, na mtoto asiye na shida ndiye anayepewa muda wa kuzoea. Makubaliano mapya yameanza kuziba pengo: serikali ya Canberra itapandisha sehemu yake kwa shule za serikali kutoka asilimia 20 hadi 25 ifikapo 2034, na kwa Northern Territory hadi 40 ifikapo 2029. Jimbo letu la Queensland lilikuwa la mwisho kutia saini, Machi 2025. Mtoto anayeingia darasa la kwanza leo atakuwa ameshafika sekondari siku hesabu hiyo ikitimia.

Sasa nije kwetu, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko pote.

Nyongeza hizi zinajuaje kwamba mwanao ni wa kuongezewa? Zinajua kwa fomu. Ile fomu ya kuandikisha mtoto, yenye kurasa nyingi, ambayo wengi wetu tunaijaza kwa haraka tukiwa tumesimama kwenye dirisha la ofisi. Inamuuliza mama na baba: ulisoma hadi darasa la ngapi? Una cheti, diploma, shahada? Unafanya kazi ya kundi gani? Nyumbani mnazungumza lugha gani? Nyongeza ya Kiingereza ina sharti lililo wazi: mtoto awe anatoka katika nyumba yenye lugha nyingine, na mzazi wake mmoja angalau awe ameishia darasa la tisa au chini yake. Nyongeza hiyo ni asilimia 10 ya kiasi cha msingi. Kwa viwango vya 2024 ni dola 1,357 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi. Nyongeza ya hali ya familia inatumia majibu hayohayo ya elimu na kazi, na kwa watoto wa robo ya chini inaweza kufika asilimia 50, yaani dola 6,785.

Nimekaa na wazazi wengi wakijaza fomu hiyo, na nimeona tunavyofanya. Kuna baba aliyeishia darasa la sita katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akaandika amemaliza sekondari. Kuna mama ambaye hakuwahi kuingia darasani kwa sababu ya vita vya Kivu, akaacha nafasi wazi. Kuna waliosoma kambi ya Kakuma, waliosoma kambi ya Nakivale, wakaandika lugha ya nyumbani ni Kiingereza ili mtoto asionekane mgeni. Naelewa kabisa. Tumetoka mahali ambako fomu ilikuwa mtego. Uliulizwa maswali na ofisa, ukajibu, na jibu likaja kukugeukia. Mtu anajifunza kusema lile linaloonekana salama, na hapa linaloonekana salama ni kusema umesoma.

Wazazi wangu, katika fomu hii jibu lililopambwa linaipunguzia shule. Unapoandika sekondari badala ya darasa la sita, mwanao anahamishwa kwenye karatasi kutoka kundi la watoto wa kuongezewa kwenda kundi la wasiohitaji. Majibu hayo huunganishwa kwa shule nzima. Hayabandikwi ukutani, na jibu la kweli halimwondolei mtoto nafasi yake. Sheria imekuuliza ulinyimwa nini ili imfidie mwanao. Kuishia darasa la sita kambini, huku ukichota maji na kulea wadogo zako, si aibu ya kufichwa mbele ya karani wa shule.

Na penye swali la lugha ya nyumbani andikeni Kiswahili. Anayezungumza Kibembe, Kinyarwanda au Kirundi aandike hicho. Mnakizungumza, kiandikeni.

Jambo la pili linahusu ulemavu, na hili tunaliogopa zaidi. Nyongeza ya ulemavu ndiyo kubwa kuliko zote. Mtoto wa shule ya msingi anayehitaji msaada wa kiwango cha juu kabisa huiletea shule yake nyongeza inayozidi mara tatu ya kiasi cha msingi. Anayeorodhesha ni shule, kwa kuangalia marekebisho ambayo mwalimu anamfanyia mtoto darasani kwa angalau wiki kumi za masomo, na mzazi anashirikishwa. Si lazima kila mara kuwe na karatasi ya daktari. Lakini kama mwalimu amekuita kukuambia kwamba mtoto hasikii vizuri, au hasomi kama wenzake, au anahangaika kukaa na watu, na wewe ukajibu kwamba mwanangu mzima, msimwandikie ugonjwa, basi umemfungia mlango kwa mkono wako. Wapo kati yetu wanaohofia majirani watasema nini. Nawasihi, nendeni kwenye mkutano ule na kalamu. Kama Kiingereza kinakwamisha, ombeni mkalimani, na shule ya serikali ndiyo yenye wajibu wa kumtafuta. Msimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri habari zake.

Kuna mmoja ameniuliza hapo nje kama fedha hizo anazipata mtoto mkononi. Hapana. Canberra huzipeleka kwa serikali ya jimbo, au kwa wenye shule kama Wakatoliki, na wao huzigawa kwa shule zao kwa utaratibu wao. Kwa hiyo hesabu niliyowasomea haimaanishi kwamba dola 1,357 zimekaa mahali zikimsubiri Amani au Neema. Na ndiyo maana swali linalofuata ni letu sote. Mkuu wa shule anaweza kuulizwa, kwa heshima, kwenye mkutano wa wazazi: shule hii ina watoto wangapi wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya ziada, na ina saa ngapi za mwalimu wa kazi hiyo kwa wiki? Ni swali lenye jibu. Nimeshaona mkuu wa shule akifurahi kuulizwa, kwa sababu naye anahitaji wazazi wa kumsaidia kusukuma ofisi za juu.

Kamati za wazazi za shule hizi zina viti, na kwetu viti hivyo viko wazi. Tunakwenda kwenye mahafali kwa vigelegele, tunapika sambusa siku ya tamaduni, halafu siku ya kujadili bajeti ya shule hatupo. David Gonski alikaa katika vyumba vya bajeti maisha yake yote, na alipoitwa kusaidia shule hakuleta hotuba za huruma. Alileta fomula, nambari kwa kila aina ya uhitaji, kitu ambacho mzazi anaweza kukishika na kuuliza kiko wapi. Hilo ndilo ninalomheshimia kuliko viti vyote alivyokalia.

Kwa wenye watoto wanaoanza shule mwakani, au wanaohama shule, fomu za mfano ziko kwenye meza ya kulia, pamoja na maelezo ya makundi ya kazi kwa Kiswahili. Walimu wawili watakaa hapo mpaka jioni, na mimi nitakuwa nao. Aliyekwisha kuandikisha mtoto zamani na anadhani alijaza vibaya, anaweza kwenda ofisi ya shule na kuomba kurekebisha. Njooni tuwaandikie barua fupi ya kuombea hilo. Wenye watoto ambao mwalimu ameshawaita kwa habari ya kusikia, kusoma au tabia, na hamjarudi kwenda kumwona, ningependa tuonane kando kabla hamjaondoka.

Asanteni sana.